Mama Maktaba Hajafa

Mama Agnès wa redio, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Neno hili sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi: Mama Maktaba anayeliliwa na mji mzima wa Nchelenge ni mimi, na mimi ni mzima.

Naitwa Keren. Nilimaliza shule mwaka jana na ninamsaidia Ba Lackson, mtunzaji wa maktaba ndogo karibu na soko la samaki. Ba Lackson anaogopa simu za mtandao, kwa hiyo alinipa ile ya maktaba akasema nifungue ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp ili watu wajue tuna vitabu. Mbele za watu sauti yangu inakauka, lakini nikiandika sioni haya, basi nikaandika kama mama mtu mzima, nikaweka picha ya mlango wetu, watu wakaanza kuuliza, kuku hatagi, mtoto ana minyoo, hata watu wa wilaya ya Chienge walikuwa wanauliza, nami nikatafuta majibu vitabuni, nikapiga picha ya ukurasa, nikatuma, wakaniita Mama Maktaba, na sikukataa kwa sababu hakuna aliyewahi kunishukuru nikiwa Keren.

Shida ilianza walipoomba niwatumie sauti. Wengi hawasomi vizuri, ni haki yao. Lakini wangeitambua sauti yangu, kwa hiyo nikaandika kwamba koo linaniuma. Likauma miezi mingi. Waliokuja maktabani kumwona Mama Maktaba niliwaambia amesafiri Mansa, na sikufikiri kwamba Mansa ndiko wagonjwa wetu wazito wanakopelekwa.

Juzi umeme ulikatika. Nikaweka picha ya mshumaa kwenye ukurasa, na maneno "Leo tunafunga mapema". Mtandao ukapitisha mshumaa, maneno yakabaki njiani, kisha simu ikazimika. Unajua kwetu mtu akiweka mshumaa wanaelewa nini.

Asubuhi nikakuta wanawake wameketi kwenye mikeka mlangoni, moto unawaka, na Maman Pierrette anayeuza samaki akanikumbatia.

"Pole mutoto. Ni ile koo ilimuua?"

Nikasema sijui.

"Muache, anaficha uchungu," akasema Papa Hippolyte, aliyevuka ziwa kwa boti kutoka Kongo ili aje matangani.

"Sura yake sikuiona hata siku moja," Maman Pierrette akasema, "lakini kuku yangu inataga sababu yake. Ile ilikuwa mutu."

Kwa kuwa matanga ni marefu, wameingia ndani kuchukua vitabu. Rafu mbili ziko tupu, wanasomeana kando ya moto, hatujawahi kupata wasomaji wengi hivi, na hakuna anayetaka kurudi nyumbani. Jana Ba Lackson akapiga simu kutoka Mansa, ambako yuko kwenye semina ya maktaba na mitandao ya kijamii, akasema kwa furaha kwamba Jumamosi analeta rafu mpya tuliyopewa. Nikauliza kwa sauti, "Iko ndani ya sanduku refu la mbao?" Wakasikia. Kilio kilichofuata sitakisahau. Sasa vijana wanachimba nyuma ya maktaba, wanasema mama asizikwe mbali na vitabu vyake.

Nifanye nini? Nikisema kweli watanichukia, na hakuna atakayeiuliza maktaba kitu tena. Tafadhali usiisome barua hii hewani, maana pale matangani kuna redio na hawakosi kipindi chako.

Keren

*

Keren binti yangu,

Sikuisoma hewani. Nimekuandikia karatasi hii, na uisome ukiwa umesimama, maana una kazi.

Pole. Kuwa na haya si kosa. Kosa ni kuacha vijana wachimbe kaburi la rafu. Mama mzima analia begani pako kwa ajili ya kuku, wewe unasema "sijui". Unajua, Keren. Na kama wangependa mama mwenye koo bovu tu, wasingebaki pale wakisoma. Walipenda kujibiwa.

Leo hii, kabla ya kugusa bukari, ule ugali wa matanga, kaa karibu na Pierrette, shika ile simu, urekodi sauti yako: "Mimi ni Keren wa maktaba. Hakuna aliyekufa, umeme ulikatika. Nisameheni." Itume kundini. Simu zote pale zitalia pamoja na hutahitaji kupaza sauti. Watakugombeza. Hippolyte atanuna kwa ajili ya ziwa alilolivuka, mpe kiti. Usikimbie.

Moto usiuzime. Wanaosomeana, warekodi kwa Kiswahili na Kibemba, utume kundini kila wiki. Andika jina lako na la Ba Lackson kwenye ukurasa, na saa za kufungua. Usipojua jibu, uliza kundi zima, hata Chienge kuna kuku. Vitabu warudishe Jumamosi, wabebaji wa rafu watakuwa tayari wapo. Shimo wasilifukie. Nimefika hapo maktabani, hamna choo.

Usipofanya hivyo, kesho naisoma barua yako yote hewani, pamoja na jina.

Na jambo la mwisho. Kuna mtu wa kundini anayejiita Jirani wa Mbali. Aliwahi kukuuliza msichana anayeogopa watu aambiwe nini, ukamjibu akae karibu na mtu mmoja na aanze na sentensi fupi. Jirani huyo ni mimi. Nusu ya ushauri wangu wa redio unatoka kwako, na juzi nilipouona mshumaa nilijifunga kitambaa cheusi nikajiuliza nitaishije. Hilo, mwanangu, nakuomba usimwambie mtu.