Mashine Mbili za Shemeji

Mapinga, Bagamoyo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba, na dawa za presha unazimeza bila kuruka siku. Je, mvua huko Lindi imefika? Paa la jikoni limezibwa, au mjomba bado anasema kesho? Sisi hapa tu wazima. Dada Saada hajambo, na Nasri ameota jino la pili, anamng'ata kila anayemkaribia. Mimi mwili hauna shida, ila moyo hautulii, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Wewe simu huipokea kwa spika, umekaa uani, na nitakayosema si ya kusikiwa na uani mzima. Barua hii ataileta mama mmoja wa ofisini kwetu anayekuja huko kumuuguza baba yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa chumbani, peke yako.

Nitaanza mwanzo, usije ukadhani nimekurupuka.

Masika ya safari hii hapa Mapinga hayana adabu. Nguo zinakaa kambani siku tatu, na zikianuliwa zinanuka uvundo. Ukizianika barazani, inzi wanatagia mayai, na wajua mwenyewe kwamba pasi isipopita vizuri kwenye mishono, funza huingia mwilini. Dada alikuwa anapiga pasi kila kitu, hata soksi. Siku moja kichwa kilimuuma, nikapiga mimi nepi za Nasri, kwa haraka, niwahi kazini. Haikupita muda mrefu mtoto akatoka vijipu vitatu mgongoni. Vilipokamuliwa zahanati, kila kimoja kilikuwa na funza wake. Dada hakunilaumu. Alilia tu, nami nikaona haya hata kula chakula chake.

Shemeji Omari alisikia habari hiyo. Baada ya siku kama kumi, gari la mizigo likasimama mlangoni likashusha mashine ya kukaushia nguo, nyeupe, kubwa kama kabati. Jioni shemeji alipotoka msikitini aliifungua mbele yetu, na mimi, kama unijuavyo, nikaanza kuizunguka.

"Bomba la kutolea mvuke liko wapi?" nikamuuliza.

"Haina bomba. Hii ni ya pampu ya joto, shemeji. Fikiria friji, lakini kazi yake imegeuzwa. Hewa ya moto haitupwi nje, inazunguka humo humo. Inafyonza unyevu wa nguo, unageuka maji, maji yanaingia kwenye droo hii."

"Na umeme?"

"Zile nyingine zina koili kama ya pasi, ndizo zinazofilisi watu. Hii haichemshi joto jipya kila dakika. Inakula kama nusu yake."

Dada akacheka. "Muulize na sisi itatula lini! Karani huyu, hata uji huusoma kabla ya kuunywa."

Sikuiamini, Mama. Kitu kinachokausha nguo bila kuunguza mkono niliona ni kiini macho. Siku ya kwanza niliandika namba za mita ya LUKU kabla haijawashwa, na nilikaa karibu nayo saa mbili na nusu zote, nikinusa kama waya unaungua. Haikunuka kitu. Ilinguruma kwa chini, kama paka aliyeshiba. Nilipoangalia tena LUKU, umeme uliopungua ulikuwa karibu sawa na ule tunaotumia kupiga pasi nepi na shuka za siku moja. Droo ilijaa maji, dada akayapigia deki. Kanga zake zilitoka laini, rangi haikufifia, pindo halikuruka. Ubaya wake ni kwamba haina haraka, na chujio lake lazima ulitoe nyuzi kila mara, la sivyo inachoka. Lakini tangu siku ile hakuna nepi iliyoanikwa kivulini, na mgongo wa Nasri umekuwa safi. Dada sasa analala mchana. Nilikuwa sijamwona akilala mchana tangu ajifungue.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuletea habari njema tu. Lakini siku ile mashine ilipoletwa, shemeji hakuwepo na dada alikuwa akimnyonyesha mtoto, kwa hiyo dereva alinipa mimi karatasi ya mzigo niweke saini. Mimi siwezi kuweka saini kwenye kitu ambacho sijakisoma. Ilikuwa imeandikwa: mashine za kukaushia nguo, mbili. Aina moja, ukubwa mmoja, mnunuzi mmoja, Omari. Mstari wa kwanza, Bagamoyo mjini, na jina la mtaa na namba ya nyumba. Wa pili, Mapinga.

"Mbona mbili?" nikauliza.

"Ile nyingine tumeishusha mjini asubuhi. Weka saini hapo chini, sista, tuna safari ya Fukayosi."

Niliweka saini. Nakala niliikunja nikaificha ndani ya faili ofisini, na tangu hapo usingizi ukapungua. Wewe ndiye uliyetufundisha, Mama, kwamba mwanamume mwenye wake wawili hanunui doti moja ya kanga. Akimpa huyu sufuria, na yule sufuria, tena ya ukubwa ule ule, ili Siku ya Kiama asije na bega limeinama. Mtu mwingine angeiona karatasi ile akadhani ni biashara. Mimi niliona mizani. Nikaanza kukumbuka kwamba shemeji hulala hapa siku mbili, na siku mbili hulala mjini, anasema kwenye ghala lake la saruji, kulinda mali. Kila wiki, bila kukosea. Tangu lini saruji ikalindwa kwa zamu?

Dada sikumwambia. Unakumbuka maneno yake siku ya posa, kwamba yuko tayari kula mihogo mikavu maisha yake yote lakini hawezi kuwa mke mwenza wa mtu. Nami ninakaa kwa shemeji, nakula kwake, na kazi yangu ni ya mkataba. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza. Katika akili yangu nilishamchora huyo mwanamke: msichana wa rika langu, hina mpaka kwenye viwiko, amemteka shemeji wakati dada ana mimba. Nikaona nikamtazame kwa macho yangu kabla sijamvunjia mtu nyumba.

Jana Jumamosi nilikwenda, mchana, shemeji akiwa ghalani. Mtaa ni ule wa nyumba za zamani za mawe, vichochoro vyembamba, jua haliingii. Nilipiga hodi. Aliyenikaribisha alikuwa mama mtu mzima, Mama, umri kama wako au zaidi kidogo. Anatembea kwa kushika ukuta. Jina lake Bi Zuhura. Nikamwamkia, nikamdanganya kwamba natoka kwa waliouza mashine, nimekuja kuuliza kama inafanya kazi. Nilifurahi, kusema kweli. Nilidhani ni shangazi yake shemeji.

"Karibu, mwanangu, karibu uione," akasema, akanivuta mpaka ukumbini. "Uwani kwangu hapa jua hupita kama mkusanya kodi, linachungulia na kuondoka. Na mikono hii hainyanyuki kufikia kamba. Nilikuwa navaa kanga mbichi, kifua kinabana usiku kucha. Sasa natia, nabonyeza, najikalia na tasbihi yangu."

"Haikusumbui?"

"Ilinisumbua maji yake. Nilimuuliza maalim kama yanafaa kutawadhia. Akaniambia, 'Bi Zuhura, bomba lako limekauka?' Nikamwambia halijakauka. 'Basi hayo pigia deki, usinitafutie kazi.'" Akacheka mpaka akakaa chini. "Umeme nao nilidhani utanitoa roho. Wapi! Waambie wenzako waiuze kwa wanawake wenye magoti mabovu, watatajirika."

Nikamuuliza nani amemnunulia.

"Mume wangu. Akiwa kijana alinunua manukato, sasa ananunua mashine. Ndiyo uzee huo."

Nikauliza swali la kijinga: kama anajua kwamba kuna nyingine ilikwenda Mapinga.

"Kwa nini nisijue? Mimi ndiye niliyesema zinunuliwe mbili. Aliponihadithia kuhusu mtoto na funza, nilimwambia usininunulie mimi ukamwacha mwenzangu na nepi za masika. Yangu ikashushwa kwanza, kwa sababu mkubwa huanza. Mdogo hufuata." Halafu akanitazama, kicheko kikamtoka usoni. "Wewe huuzi mashine. Sauti yako ni ya mama yako."

Mama, nilitaka ardhi inimeze. Nikamwuliza sauti ya mama yangu ameijulia wapi.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijapunguza wala sijaongeza. Alisema: "Mama yenu ni mtu wa adabu. Kabla ya ndoa alinipigia simu mwenyewe, akaniomba radhi. Aliniambia baba yenu amefariki, mzigo umemwelemea, binti anahitaji sitara. Nikampa radhi, kwa moyo wangu. Kisha akaniomba na la pili, nisijitokeze mpaka yeye atakapomweleza Saada taratibu. Omari naye akaniomba hivyo hivyo. Nikakubali, nilidhani ni suala la mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa tatu. Mtoto amezaliwa nimemwona kwenye picha. Mimi si mzimu, mwanangu. Nimechoka kufichwa kana kwamba mimi ndiye niliyeiba."

Kwa hiyo, Mama, msichana wa hina hayupo. Mke mdogo ni dada yangu. Na kila nilipokuwa nikimshuku shemeji, dereva, hata mashine, wewe peke yako sikukushuku.

Sijui nikwambie nini. Nimejaribu kuyapima upande wako. Nakumbuka mwaka ule baba alipofariki, nakumbuka ada yangu ya kidato cha tano ilivyopatikana ghafla, na sasa naelewa kwa nini, maana shemeji ndiye aliyeilipa. Kama dada aliolewa ili mimi nisome, basi hata kazi hii ya ukarani nimeipata kwa siri aliyofichwa. Hilo linaniuma kuliko yote, na siwezi kukukasirikia bila kujikasirikia mwenyewe. Shemeji simtetei, lakini sijawahi kumsikia akimpandishia dada sauti. Na Bi Zuhura nilikwenda kumchukia nikashindwa.

Niliporudi jana dada alikuwa amekaa sakafuni anakunja nepi zilizotoka kwenye mashine, anaziweka shavuni moja moja kwa joto lake.

"Umekawia wapi, we karani?"

"Ofisini."

"Jumamosi? Una mchumba, sema." Akanirushia nepi. "Angalia ilivyo laini. Wanawake wenye wenza wataipata wapi hii? Mume wa wawili hana cha kugawa. Omari akijaliwa kununua ya pili, nitamwambia aipeleke Lindi kwa mama."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba.

Sasa nasema nililokusudia, na ninalisema kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake. Dada lazima ajue. Wiki yoyote anaweza kukutana na karatasi kama niliyokutana nayo mimi, au jirani akamtupia maneno kisimani, na hapo hatabaki na wa kumwamini. Nataka ayasikie kwako, kwa sababu ni wewe uliyeyajua kabla ya yeye kuyajua, na ili akilia aweze kukuuliza na wewe uweze kumjibu. Bahasha hii itakufikia Jumanne. Jumatano na Alhamisi shemeji ni zamu yake mjini, dada atakuwa nami tu. Nitaomba ruhusa Jumatano nirudi mapema, nimbebe Nasri, ili ukipiga simu awe na mikono mitupu. Ukiweza kupanda basi ukaja mwenyewe, ni bora zaidi, nitakuja kukupokea.

Alhamisi ikifika magharibi naye hajasikia, nitamwambia mimi. Nitamwambia yote, na hili la kwamba ulijua, kwa kuwa siwezi kuficha kitu kingine tena ndani ya nyumba yake. Akiamua kubaki nitabaki naye. Akiamua kuondoka tutakuja wote watatu, na usitulaumu mlangoni. Naogopa, Mama. Lakini sibadili.

Nisalimie bibi, mama yake baba, mwambie macho yake namuombea. Nisalimie mjomba wa paa, na shangazi anayetuuzia samaki sokoni, na mdogo wangu wa mwisho asichelewe shule. Hao wote wasijue lililomo humu.

Nakubusu mikono. Bado wewe ndiye mama yangu, na bado nangoja sauti yako Jumatano.

Mwanao,
Rukia