Sahihi Siweki

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimewaka hasira.

Kampuni yetu imetengeneza kufuli ya hesabu ya kulinda mafaili ya wagonjwa. Daktari yeyote anaweza kufunga, ila wa kufungua ni hospitali peke yake, yenye ufunguo. Ufunguo wenyewe ni mfuatano wa hatua: pindua hii, pitisha ile, ukibadilisha mpangilio, jibu linabadilika. Waliapa hakuna wa kuzirudisha nyuma. Nimezirudisha moja moja, Baba! Nikipatia hatua, jibu linafupika; nikikosea, linarefuka. Siku tatu tu, nikafungua. Humo mna magonjwa ambayo watu hawajawaambia hata wenzi wao.

Mkurugenzi anataka niweke sahihi kwamba iko salama.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu Waya,

Marahaba. Mgongo ni uleule, unauma ukinikumbuka.

Hesabu sijaielewa, lakini huko kufupika nimekuelewa. Ndivyo kufuli mbovu inavyomwambia mwizi, "Hapohapo, endelea." Au umesahau kwa nini nakuita Waya? Kila kufuli niliyotengeneza nilikupa uihangaikie kwa waya kabla mteja hajaiona. Ukiifungua, naiponda kwa nyundo. Mama yako alilalamika kwamba namfundisha mtoto wizi.

Usisaini. Mfungulie mbele ya macho yake.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Usishtuke kuona anwani mpya.

Nilimwambia Mkurugenzi aandike lolote, alifunge, anipe. Alicheka sana. Jumatatu kikaoni, mbele ya madaktari, nikasimama nikamsomea barua yake: "Binti huyu ana kiburi. Kazi yake inaishia leo." Nikamuuliza, "Nimeruka neno?"

Kunifukuza, akanifukuza kweli. Lakini daktari mkuu alikusanya karatasi zake akasema hakuna faili la mgonjwa wake litakaloingia humo. Sina kazi, nyumba ya kampuni nimetolewa, nalala sebuleni kwa rafiki. Sijuti hata chembe.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu Waya,

Marahaba. Nimelia, sikufichi. Kisha nikacheka mpaka mgongo ukanikomesha.

Rudi nyumbani kwanza. Benchi lako liko palepale, na waya nimekunyooshea. Nimemaliza kufuli ya mlango wa zahanati, mteja ananijia kila asubuhi, anafoka. Nimemwambia afoke atakavyo, haitoki hapa mpaka uijaribu.

Baba yako