Milioni Moja na Moja

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na anayenitia kinyaa ni mimi mwenyewe.

Unakumbuka ile likizo ya Agosti pale nyumbani Ziwa, mvua ikipiga mabati, ulipoamua tuichunguze 1,000,001? Ulitaka kujua kama ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kikokotoo ulikifungia kabatini. "Hicho ni cha wavivu," ukasema. Ulinieleza kwamba tukizijaribu nambari tasa zote hadi elfu moja na zote zibakishe kitu, tumemaliza kazi. Ukachukua za juu ya mia tano, mimi nikabaki na za chini. Tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu: zote zilibakisha mbili, nawe ukacheka kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha.

Nilifika tisini na saba. Mvua ikakatika, wenzangu wakaniita langoni twende kuwaona wanariadha wakifanya mazoezi. Nikajaza masalio ya uongo ukurasa mzima, mbiombio, nikakuletea.

"Umemaliza zote?"

"Zote, Baba. Ni prime."

Hukukagua hata moja. Madaftari ya watoto wa wenyewe uliyasahihisha hadi mkono ukafa ganzi, langu ukaliamini tu.

Ukaiandika kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wa darasa lako: 1,000,001 NI TASA. Ulifundisha chini yake hadi ukastaafu, ukatuacha ukiamini hivyo.

Siku hizi darasa hilo nalifundisha mimi. Jumatatu Chebet, msichana asiye na maneno mengi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo namba si prime. Nime-divide na 101, ikatoka 9901, hakuna remainder."

Baada ya tisini na saba, Baba, nambari tasa inayofuata ni mia moja na moja. Ya kwanza kabisa niliyoiruka! Ningekaa kitini dakika mbili zaidi tungeipata.

Na unajua nilimjibu nini? "Mzee alikosea." Darasa likacheka. Walikucheka wewe, nami nikatabasamu. Baadaye nilisimama nyuma ya vyoo vya walimu nikitema mate machungu. Uongo wa mtoto ningeusamehe. Huu wa mtu mzima, wa kumsingizia marehemu asiyeweza kujitetea, unanitapisha hadi leo.

Kwa hiyo barua hii sitaitia kwenye bahasha. Kesho paredi nitaisoma mbele ya shule nzima, Chebet akiwa kando yangu, kisha niibandike kwenye ubao wa matangazo. Wakitaka kucheka, wanicheke mimi.

Pumzika, Baba. Jana nililitoa daftari lako nikazirudia hesabu zako zote, kuanzia mia tano kwenda juu. Hukukosea hata moja.

Ni mimi,
binti yako.