Maharage ya Darasa la Kwanza

Nyumba ya marehemu Isihaka,
Nyuma ya soko, Kasulu.
29 Julai 1978

Mpendwa mdogo wangu Siti,

Kabla ya lolote nakuulizia hali. Goti lako limepoa? Na shemeji Khatibu, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mafua, na huku mwezi wa saba kila mtu ana mafua. Wewe uliyeko Pangani ukisikia kipupwe unadhani ni upepo wa kukaushia nguo. Huku juu ukungu unaingia mpaka jikoni, na maji ya kunawa yanauma vidole.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama nitarudi Pangani, kwa kuwa baba Kudra ametutoka na duka limefungwa. Nitakujibu. Lakini ngoja kwanza nikupe habari za mwanangu, maana nisipokuambia wewe nitapasuka.

Kudra ni mwalimu, Siti. Si wa kufuta ubao, mwalimu hasa. Huu ni mwaka wake wa pili kusomesha darasa la kwanza pale Rungwe Mpya, kijiji cha huku huku Kasulu, huku mwenyewe akisomea ualimu wa UPE, ule mpango wa kila mtoto asome. Mtoto wa miaka kumi na tisa, na wazee wenye mvi wanampisha njiani na kumwamkia kwa Kiha, mwakeye, mwalimu. Nani katika ukoo wetu amewahi kuamkiwa hivyo? Mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemzaa.

Mwisho wa mwezi wa sita nilikwenda kukaa kwake, nikaona kwa macho yangu anavyosomesha wakati wa baridi. Watoto arobaini na sita, wenye sweta hawafiki kumi. Kila mmoja anakuja na ukuni wake, moto unawashwa uwanjani, na hakuna kuingia darasani mpaka jua lichomoze. Wewe ungesema wanapoteza muda. Kumbe hapo ndipo wanaposoma. Asubuhi ile mvuke unatoka mdomoni kama moshi, basi anawapanga mstari waseme ha, he, hi, ho, hu, kila mtu aione silabi yake ikitoka. Akifika pa na ba wanashindana nani atatoa wingu kubwa. Mtoto aliyekaa mwaka mzima hajui kusoma, kwa baridi ya wiki mbili anasoma. Jua likipanda wanapima vivuli vyao kwa hatua, asubuhi kivuli hatua kumi, mchana hatua moja. Wallahi nimekaa pale mpaka na mimi nimepima changu.

Hesabu ndiyo iliyonitia aibu. Huku maharage yanavunwa mwezi wa sita, basi Kudra alimwambia kila mtoto achague kwao kumi mazuri, mekundu au meupe au yenye madoa, ayalete shuleni ya kuhesabia. Aliyatia katika chungu, na kwa kuwa darasa halina mlango, chungu akakihifadhi nyumbani kwake. Hakuniambia. Na mimi sikuuliza, si unanijua.

Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa kumtazama akisomesha, ndipo ijulikane kama atathibitishwa au atarudishwa nyumbani. Alhamisi Kudra alikwenda mkutano wa walimu. Nikaona mwanangu atarudi na baridi na njaa, nikainua kile chungu, nikaosha, nikapika kwa karanga. Alirudi jua linazama, akala, akasifia, akauliza maharage nimeyapata wapi. Nikamwambia si haya ya chungu chako cha pembeni.

Aliweka tonge chini. Hakunigombeza. Nilimwambia kesho nitapita nyumba kwa nyumba niombe mengine, akasema, "Usiende, mama. Yale waliyachagua wenyewe. Siwezi kuwadanganya kuwa haya ndiyo yao."

Ijumaa asubuhi aliwaambia watoto ukweli pale motoni, na mimi nikajibanza nyuma ya ukuta wa darasa kama mwizi. Mkaguzi, bwana mmoja wa kutoka Mbeya mwenye koti zito, akasema haya, nionyesheni hesabu. Kikasimama kitoto kimoja cha kike, Niyonsaba, wazazi wake wakimbizi wa Burundi, hata Kiswahili hakijakaa sawa, kikasema:

"Hesabu imeliwa, mwalimu. Bibi amepika."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Kudra wangu hakutetereka. Akaliuliza darasa zima, kila mtu alikuwa na maharage mangapi? Kumi. Bibi amekula mangapi? Kumi. Yamebaki mangapi? Na wale watoto arobaini na sita wakajibu kwa sauti moja kwamba hayakubaki. Kumbe kwa muda wa mwezi mzima alikuwa anahangaika kuwaelewesha sifuri, hawaelewi. Siku ile waliielewa wote. Mkaguzi alicheka mpaka akavua koti, akatoka nje akaniona, akaniuliza, "Na yaliiva, mama?" Nikamjibu yaliiva, ila karanga zilikuwa chache.

Jumatatu iliyopita barua imekuja. Amethibitishwa. Wamempeleka kijiji kimoja kule Kibondo akaanzishe darasa la kwanza, na mimi amenirudisha Kasulu. Alhamisi alipanda lori hapa kwetu na kitanda chake na ubao mdogo. Soko zima nimeliambia. Muuza chumvi nimemwambia mara mbili.

Sasa nikuambie ambalo sokoni sijalisema. Usiku ule alipoweka tonge chini, nilisikitika kweli, lakini pembeni ya moyo kulikuwa na sauti inayosema asipofaulu atarudi nyumbani. Mama mzima, Siti. Nilijisikia mchafu. Na Ijumaa wale watoto walipojibu kwa sauti moja nililia nyuma ya ukuta, na hata leo sijui nililia furaha au nililia nini. Sasa nyumba ina vyumba vinne na mimi nahamisha mkeka tu.

Jibu langu ndilo hili: siji. Si kwamba sitaki. Desemba akipata likizo, lori la Kibondo litamshusha hapa, na sitaki mwanangu afike kwao aanze kuwaomba majirani ufunguo.

Lakini wewe njoo, hata kwa mwezi mmoja. Sweta nimeshaanza kukufumia.

Msalimie shemeji Khatibu, shangazi Asia, na wote wanaonikumbuka. Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na barabara yote iliyo kati yetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mama wa Mwalimu Kudra,

Mwanaamina binti Abbasi