Baba Mkwe Amehamia kwa Jirani kwa Sababu ya Makochi Yangu

Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla familia yangu haijaisha yote kwa jirani. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tlawi, na mwaka huu baada ya kuvuna maharage mume wangu Nikolausi alikubali tutengeneze sebule, basi nikaweka makochi ya rangi ya maziwa, zulia jeupe na mapazia ya kumetameta kama nilivyoona kwenye simu, na kwa sababu ya matope ya huku nikapiga marufuku watoto kukanyaga humo. Jumatatu akaja baba mkwe, mzee Margwe, kwa pikipiki kutoka Hanang, amelowa, amenibebea jogoo, nikamwamkia vizuri, akavua viatu bila kuambiwa, lakini suruali ilikuwa na tope mpaka magotini, nami kwa hofu nikakimbilia stoo, nikaleta mfuko mtupu wa mbolea ya kupandia, nikautandika kwenye kochi ndipo nikasema, "Karibu ukae, baba."

Akausoma ule mfuko wote. Akasema kwa upole, "Mwanangu, nimekuja kuwasalimia. Sikuja kupandia mahindi."

Akachukua fimbo yake, akaenda kwa jirani yangu Kornelia mwenye mabenchi ya mbao, na leo ni siku ya nne. Nilimtuma Nikolausi akamwombe arudi, naye akabaki hukohuko. Watoto wanakula huko, vicheko nasikia mpaka huku. Jumapili wanakuja wazee kuleta posa ya wifi yangu Judica tunayeishi naye, na baba amesema watapokelewa kwa Kornelia! Kwani kupenda nyumba nzuri ni dhambi? Nakuandikia nimekaa kwenye ndoo jikoni, maana hata mimi makochi nayaonea huruma.

Violeth, Tlawi

Violeth, marahaba. Nimecheka, halafu nikakasirika. Kupenda nyumba nzuri si dhambi, na najua ulivyohangaika kuipata. Lakini mwenye nyumba anakaa kwenye ndoo, makochi yanakaa kwenye makochi! Mzee amenyeshewa njia nzima, wewe ukaona suruali. Ungempa maji ya moto na suruali ya Nikolausi, ungeokoa kochi na mkwe pia.

Leo hii nenda kwa Kornelia mwenyewe, usitume mtu. Sema, "Baba, nimekosa," na uishie hapo. Habari za zulia usizitaje. Akinyamaza, kaa kwenye benchi usubiri. Kornelia mshukuru, umwombe aje mpike pamoja kwako Jumapili. Zulia likunje mpaka mvua zikatike, makochi yatandike mashuka yanayofulika, na mlangoni weka maji na tambara la miguu kwa kila mtu, wewe ukiwemo.

Baba akikubali posa ipokelewe kwako, wazee wakishaingia usisimame pembeni kuwakagua nyayo. Vuta pumzi, uketi kwenye kochi lako, uulize habari za huyo bwana harusi.