Jina la Aliyetoa Pasi

Mdogo wangu Hamisi,

Shikamoo yako nimeisikia kwenye ujumbe wa sauti, na marahaba nakupa kwa kuwa Mama alitulea hivyo. Usidhani nimeitoa kwa moyo mweupe. Natumaini kifua cha Mama kimepata nafuu, bati la jikoni mmeliziba kabla ya masika, na mpunga wa Chanzuru haujasombwa na maji kama msimu ule. Mimi mwili ni mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Moyo ndio una hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Nimeandika kwa mkono na kumpa dada mmoja wa Morogoro anayerudi likizo, maana ujumbe wa sauti ungeukata katikati, nakujua.

Video yako nimeiangalia. "Dada, cheki Zawadi anavyowaka! Mikumi tumewalaza na viatu!" Ndivyo ulivyosema, unacheka peke yako. Kweli, mdogo wetu anafunga, anafunga tena, na wenzake wanne wamesimama pembeni kama wanaosubiri zamu ya kuchota maji. Juu yake umepachika muziki mwanzo mpaka mwisho. Halafu ukamalizia na habari kwamba, kwa kuwa sasa kocha ni wewe, umefuta ile desturi yetu ya kutaja, eti wakala wa wachezaji anataka kusikia jina moja tu. Hamisi, ulianzisha wewe mpaka ukafute?

Au umesahau ilianzaje? Baba, Mungu amrehemu, alitufundisha mpira wa kikapu pale uwanja wa simenti karibu na stesheni ya Kilosa kwa sharti moja: ukifunga, taja kwa sauti jina la aliyekupa pasi. Mazoezini kikapu kisichotajiwa jina hakihesabiwi. Kwenye mechi, asiyetaja anatolewa nje, hata kama ni mtoto wake. Mimi alinitoa mara ngapi? Nikilia, anasema, "Kikapu kila mtu amekiona. Pasi ndiyo inahitaji mdomo." Watu wa Mikumi walikuwa wanatucheka, wakituita timu ya wapiga debe. Tukawafunga hivyo hivyo, tunataja.

Sasa nikueleze hilo jina moja unalolitamani, maana mimi naishi nalo. Nilipofika huku ughaibuni kucheza kwa malipo, timu ilikuwa timu. Mpira ulizunguka mpaka mabeki wakachoka kugeuza shingo. Kisha klabu ikaleta nyota. Simtaji jina, ameshatajwa vya kutosha. Picha yake imefunika basi letu lote, sisi wengine hatuonekani hata kiwiko. Sheria nazo zimempalilia njia. Zamani beki aliweza kumwekea mwenye mpira kiganja kiunoni, akamsindikiza na kumchosha mpaka atafute mwenzake wa kumpa. Sasa ukigusa tu, filimbi. Tukirusha mpira ukagonga chuma, tukiuokota tunapewa muda mfupi kuliko zamani wa kushambulia tena, na kocha anapiga kelele, "Hakuna muda wa kuuzungusha, mpeni yeye!" Waliobadilisha sheria walitaka mchezo wenye kasi na pointi nyingi, na wamevipata. Lakini nenda kamtazame mtu anayekimbia uwanja mzima, anafika kwenye kona yake, anasimama, halafu anarudi alikotoka bila kugusa mpira. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimevuka bahari kuja kusimama kwenye kona.

Siku moja nyota alikuwa amepumzishwa kidogo, Ilona akaniona. Ilona ni msichana wa huku huku, mpole, hana makuu. Akanipenyezea mpira katikati ya mabeki wawili, nikafunga. Mdomo ukafunguka wenyewe kama niko Kilosa: "Ilonaaa!" Uwanja mzima ukageuka. Ilona akawa mwekundu mpaka masikioni, akacheka. Tangu nimjue sikuwahi kumwona anacheka uwanjani. Baada ya mechi nyota akanisimamia mbele ya kabati langu, mikono kiunoni: "Hapa watu wanakuja kusikia jina moja." Kocha alikuwepo. Aliinama akafunga kamba za viatu vyake ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Mechi iliyofuata nilifunga, nikataja tena. Tangu hapo nakaa benchi. Ndiyo maana huoni video zangu siku hizi, usiwe unaniuliza uliza.

Kwa hiyo nilipokusikia wewe, mtoto wa Baba, unayarudia maneno ya yule nyota kwa Kiswahili, nilitaka kuivunja simu.

Lakini si hilo tu. Ulinificha habari ya Naserian, yule anayempa Zawadi pasi kuliko wote. Nilimtafuta kwenye video nikadhani anaumwa, mpaka Mama akanieleza. Unajua vizuri baba yake Naserian ni mfugaji, na unajua watu wetu na wafugaji wameangaliana vipi kwa sababu ya mashamba na malisho. Yule mzee alikuwa anatoka kule bondeni na fimbo yake, anasimama peke yake upande wa jua. Hajui faulo, hajui pointi. Anajua jina la mtoto wake. Binti za wakulima wakifunga, wanapaza sauti, "Naserian!" na yeye anatikisa kichwa kidogo, basi, ametosheka. Mechi zote zile hakuna mtu aliyemsogeza wala kumwuliza ng'ombe wake wako wapi. Watu walifika mahali wanampa kigoda.

Wewe ukaja na wakala wako. Mama anasema mzee alikuja mazoezini, akasimama mpaka mwisho. Alipokuwa anaondoka na binti yake akamwambia Mama, "Mimi nilikuwa nakuja kusikia. Kama hakuna cha kusikia, ng'ombe wananisubiri." Na wewe ulikuwepo, unarekodi video! Hukumfuata hata hatua moja. Aibu niliipata mimi huku, nimekaa kitandani.

Usiniambie unafanya haya kwa ajili ya Zawadi. Zawadi utamfanya awe kama huyu nyota wetu wa huku, anayefunga pointi zote na kula peke yake. Nasema hivi, na kama dada yako mkubwa nina haki ya kusema: kabla ya mechi ya marudiano na Mikumi, vaa kanzu, mchukue Mama, nendeni kwa yule mzee. Si kumpigia simu. Nendeni, mkaribishwe maziwa mnywe, umwombe radhi kwa mdomo wako, umwombe binti yake arudi. Akikataa, nenda tena. Mpaka hapo usinitumie shikamoo, sitaiitikia.

Mama mwambie naswali na ninavaa soksi mbili. Nisalimie shangazi wa Dumila, anayewauzia abiria mahindi ya kuchoma, mwambie huku mahindi wanayaweka kwenye makopo, atacheka. Baba mdogo wa Kisanga mwambie asiuze lile jembe la Baba. Rehema na wasichana wote wa timu uwasalimie mmoja mmoja, kwa majina.

Na Zawadi usimsomee barua hii. Muulize kitu kimoja tu: kile kikapu cha mwisho alimtaja nani. Ile video yako nimeirudia mpaka mwisho. Kikapu cha mwisho hakuna aliyempa pasi, mpira aliuokota mwenyewe chini, akafunga. Wote mnaruka. Yeye haruki. Anageuka kushoto, pale Naserian alipozoea kusimama, ananyoosha kidole, na mdomo wake unafunguka wote. Tazama midomo yake vizuri, Hamisi. Anamtaja Naserian, na pale anapoonyesha hakuna mtu.

Hukumsikia. Ulikuwa umemwekea muziki juu.

Ni mimi dada yako, wa benchi,
Mwanahawa