Maji ya Jikoni na Maji ya Bahari

Likoni

Mjukuu wangu Mwanasha,

Sasa hivi mwanangu Juma ameusukuma mkono wangu: "Mama, wanichoma!" Ana homa tangu jana, nami nilitoka mekoni moja kwa moja nikamshika kipaji cha uso.

Hamjambo huko Voi? Najua wacheka kuwa na bibi kijana, lakini mamako ni mwana wa dadangu, basi vumilia.

Umeuliza mume wangu, baharia, apimaje joto la bahari. Melini hushusha ndoo ya turubai, akateka maji, akatia kipimajoto. Kisha habari hupelekwa pwani kwa simu ya upepo, isiyo na waya, watu wa huko wajue hali ya hewa. Mabaharia hawalipwi kwa hilo, ni hiari tu. Mara ya kwanza aliteka pale jiko la meli limwagapo maji. Wenziwe wakamcheka: "We Bakari, hiyo supu ya mpishi, si bahari!" Akateka tena upande wa pili.

Nami, mjukuu wangu, nilikuwa napima joto la meko yangu, si homa ya Juma. Nimenawa maji ya mtungi, nakuandikia hadi mkono upoe, ndipo nimguse tena.

Mama mkwe aita: "Mama Juma! Mwanao adai uji, tena wa sukari!"

Abee, mama! Mwanasha, ikiwa adai uji, basi ile homa yapungua; naenda kumgusa kwa mkono uliopoa.